Harusi Iliyopisha Harusi

Winnipeg, 6 Februari 1994

Mpendwa Manang Osing,

Naomba barua hii ikukute mzima, mama yetu Nanay akiwa mzima, na paa la jikoni likiwa limeacha kuvuja. Mimi sijambo, isipokuwa masikio. Baridi ya huku huanza na masikio kisha inateremka. Kiwandani tunashona makoti, na anayekaa mashine ya pembeni yangu ni mtu wa Capiz, kwa hiyo kutwa tunabishana kwa lugha ya kwetu kama tuko sokoni. Msimamizi ameniuliza nilisomea wapi ushonaji. Nikamwambia kwenye cherehani ya dada yangu, nikiwa nimekaa juu ya kreti la soda.

Mwambie Nanay siku yangu ya kuzaliwa nilipika pansit, na tambi sikuzikata hata moja, ili maisha yawe marefu kama anavyotaka.

Sasa nije kwenye lililonikalisha. Unajua nilikuwa nimeomba Herminia na binti yetu Glenda waje huku. Karatasi zote zilikwenda vizuri mpaka ofisi ya Manila ilipotakiwa kutuma cheti changu cha ndoa. Imetuma viwili. Kimoja ni cha Herminia, Januari 1989. Kingine ni cha Leonila, Mei 1985. Mama anayeshughulikia faili langu ni mpole sana. Ameniuliza, "Bwana Palmares, una wake wangapi?" Nikacheka, nikacheka peke yangu.

Manang, lile jambo la Leonila sote tulidhani lilishazikwa. Nakuomba uende ofisi ya mji, uangalie daftari la leseni za ndoa la mwaka ule, kisha umwone Wakili Subong. Herminia usimwambie kwanza. Nanay usimwambie kabisa.

Mdogo wako,
Santo

—

Santa Quiteria, Iloilo, 17 Machi 1994

Nonoy Santo,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembe moja, tukabishana kama ni theluji au ni posta. Nanay anasema ni machozi, na mimi nikamwacha na furaha yake. Ni mzima. Glenda ni mzima, anaongea kuliko redio. Paa la jikoni halivuji tena. Alilitengeneza Abundio, yule seremala mjane wa karibu na kisima, na tangu hapo anakuja kila wiki kulikagua.

Nimekwenda ofisini. Msajili wa zamani amestaafu, aliyepo ni mpwa wake, lakini madaftari ni yaleyale na vumbi ni lilelile. Nilipofungua ukurasa wa sikukuu ya 1985 nilicheka mpaka kijana akaniletea maji. Unakumbuka? Meya alitaka aozeshe jozi ishirini kwa mpigo siku ya mtakatifu wa mji, na alishatangaza ishirini, na asubuhi ile jozi moja ikatoroka. Wewe na Leonila mlikuwa mmesimama kando ya jukwaa mnakula barafu ya kukwangua. Mlikuwa na miezi minne ya uchumba, na sina hakika kama hata ilitimia. Meya akawaita kwa kipaza sauti, "Nyie wawili, mnapendana?" Mkasema ndiyo. "Basi pandeni." Mkashuka mkiwa mke na mume, na zawadi ya sufuria na mkeka. Ulimi wako ulikuwa bado mwekundu kwa sharubati. Miezi saba baadaye Leonila alikwenda Manila na sufuria, wewe ukabaki na mkeka.

Sasa sikiliza. Leseni ya ndoa hubandikwa ukutani siku kumi kabla ya kutolewa. Nyinyi mliozwa tarehe 22 Mei. Leseni yenu imeandikwa tarehe 27. Walimalizia karatasi baada ya sikukuu, kama walivyomalizia kila kitu. Wakili Subong amesoma, akapiga meza, akasema ndoa ile ni batili, haijawahi kuwepo hata kwa saa moja. Ndivyo hasa alivyokuambia msajili wa zamani ulipotaka kumwoa Herminia. Kwa hiyo tulia. Habari za ndoa ya pili, wakili amesema atakuandikia mwenyewe.

Vaa kofia inayofunika masikio.

Manang Osing

—

Winnipeg, 30 Aprili 1994

Mpendwa Manang,

Theluji imeyeyuka na chini yake kumbe kulikuwa na nyasi. Nimefurahi kusikia habari za paa. Huyo fundi anakagua paa au anakagua jiko?

Wakili ameandika. Ndoa ya kwanza kweli ni batili. Lakini anasema sheria hairuhusu mtu ajihukumie mwenyewe kwamba ndoa yake ilikuwa batili. Lazima jaji atamke kwanza, ndipo uoe tena. Mimi nilioa kwa neno la msajili, bila neno la jaji. Kwa hiyo na ndoa ya Herminia nayo haisimami. Manang, nimeoa mara mbili na mbele ya sheria sijaoa hata mara moja.

Leonila angetaka angeweza kunishtaki na ningefungwa. Hataki. Yuko Roma, ana watoto wake, amenitumia salamu na kuuliza kama ule mkeka bado upo.

Njia iliyobaki ni hii: kesi ifunguliwe, jaji aseme ya kwanza ilikuwa batili, hukumu iandikwe kwenye daftari, nirudi nimwoe Herminia upya. Ndipo ofisi ya huku itampokea kama mke wangu. Nimemwambia wakili aanze. Wewe utahitajika kutoa ushahidi wa siku ile ya jukwaa.

Mwambie Herminia sasa. Mwambie taratibu, na usisahau kumwambia kwamba kwangu mimi hakuna kilichobadilika. Na Manang, wakili usimsumbue kwa maswali zaidi. Kila kitu ameshanieleza.

Santo

—

Santa Quiteria, 9 Agosti 1994

Nonoy Santo,

Nimechelewa kuandika. Nanay alikuwa na homa ya wiki mbili, imekwisha, ameshaanza tena kugombana na jogoo wa jirani. Glenda anajua kuandika jina lake, ila herufi ya mwisho anaigeuza.

Herminia nilimwambia tukiwa tunachambua mchele. Alichambua mpaka akamaliza ungo mzima. Kisha akasema, "Ina maana miaka mitano hii mimi ni hawara tu? Na mama mkwe analala chumba cha pili anakoroma?" Nanay akajibu kutoka uani, "Mimi sikoromi." Ndivyo Nanay naye alivyojua. Tukacheka wote watatu, kisha Herminia akalia kidogo, kisha akaenda kuanika nguo zako ulizoziacha. Huwa anazianika kila mwezi zisipate ukungu.

Nilikwenda kwa wakili kutia sahihi maelezo yangu. Sikumsumbua. Nilimuuliza swali moja tu, kwamba mbona msajili wa zamani alikuwa mtu makini na alikuambia oa. Akasema, "Msajili hakukosea kwa sheria ya wakati wake. Ile ya zamani haikudai neno la jaji kwa ndoa ambayo haijawahi kuwepo. Sheria mpya ilianza tarehe tatu Agosti 1988. Mdogo wako angeoa kabla ya hapo, ningekuwa na pa kusimama. Alichelewa miezi mitano." Kisha akaniuliza, "Kwani alikuwa anasubiri nini?"

Nilishuka ngazi nikakaa kwenye benchi nje ya duka la viatu.

Ulijua, Noy. Ndiyo maana ulinikataza kuuliza. Harusi yako ilipangwa tarehe 11 Juni 1988. Nyumbani kwa kina Herminia tulishakwenda kuomba, walishatupikia, na Nanay alishawachagua nguruwe. Halafu ikaja barua ya Rogaciano kutoka melini kwamba atanioa Desemba. Nanay akasema ndugu wawili hawaoi mwaka mmoja, hiyo ni sukob, bahati ya mmoja inakula ya mwenzake, na mkubwa hutangulia. Ukasogeza yako mpaka Januari bila kunung'unika. Ulikuja kuniambia, "Manang, nimesubiri Herminia miaka miwili, nitashindwa na miezi saba?"

Na Desemba ikaja bila harusi.

Osing

—

Winnipeg, 25 Septemba 1994

Mpendwa Manang,

Salamu zote, nyingi, na kwa Nanay mara mbili. Majani ya huku yamegeuka manjano mtaa mzima kwa siku moja.

Sikukuficha. Nilikunyamazia, ni tofauti. Ungefanya nini na habari ile? Wewe ulikuwa bibi harusi. Nani alijua Rogaciano hatakuja? Alikuwa na barua, pete na ahadi. Hata Nanay alimwamini, na Nanay hamwamini mtu yeyote.

Nikikumbuka mwaka ule, Manang, sikumbuki kusubiri. Nakumbuka Jumapili mchana, wewe kwenye cherehani na lile gauni jeupe, mimi nakushikia ncha ya kitambaa isiguse sakafu, Nanay anakaanga ndizi, na mvua. Ulikuwa unashona polepole mno. Nilidhani unataka liwe zuri. Kama ningeambiwa nichague miezi saba ya kurudia, ningechagua hiyohiyo.

Usijilaumu kwa ajili yangu.

Santo

—

Santa Quiteria, 2 Novemba 1994

Nonoy Santo,

Jana tulikwenda makaburini sote. Tulisafisha kaburi la Tatay, Herminia akalipaka chokaa, Glenda akamwekea babu yake kikombe cha tsokolate na keki ya mchele, kisha keki akaila mwenyewe kwa sababu, anasema, babu alimwambia ale. Abundio alikuwa kaburi la tatu kutoka letu, kwa mkewe. Alituletea mishumaa aliyobakiwa nayo. Alinisalimia akiwa ameshika kofia, na mkewe yuko pale chini, na nikaona ni mtu mwenye adabu.

Barua yako ya Septemba nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahimili, imeshaanza kuchanika kwenye mkunjo. Unasema nani alijua Rogaciano hatakuja.

Mimi nilijua.

Aliniandikia kutoka Rotterdam. Barua ilifika tarehe 22 Aprili 1988, siku ya Ijumaa, nikiwa peke yangu nyumbani. Aliandika mistari sita. Amepata mtu huko, nimsamehe, pete niiuze nikitaka. Harusi yako ilikuwa bado wiki saba mbele. Nanay alishakuambia usogeze, lakini kwa kina Herminia ulikuwa hujaenda kuwaambia. Ulikwenda Jumapili iliyofuata. Ningefungua mdomo Jumamosi, ungeoa Juni.

Nilitaka kusema. Jumamosi nilisema nitasema Jumapili. Jumapili ulirudi kutoka kwao, mmeshakubaliana Januari, umechangamka, ukaniletea vitambaa mama yake Herminia alivyonipa vya gauni langu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, Noy. Mji mzima ulishanipongeza. Niliona nikisema leo, kesho sokoni nitakuwa yule aliyeachwa kwa mistari sita. Nikasema nitaacha mwaka uishe, na meli zichelewe kama zinavyochelewa, na jambo life lenyewe bila mtu kuliua. Basi nikashona. Nilishona polepole kwa sababu nilijua likiisha mtaniambia nilivae.

Wewe ulikuwa umeshika ncha ya kitambaa.

Hakuna mtu aliyewahi kujua hili, hata Nanay. Sikuombi useme haidhuru. Nimeona tu siwezi kukuacha unipende kwa mwaka ambao haukuwa hivyo.

Osing

—

Winnipeg, 19 Machi 1995

Manang,

Najua ni miezi minne. Niliandika barua nne nikazichana zote. Ya kwanza ilikuwa mbaya sana, shukuru sanduku la posta huku liko mbali na nyumba yangu.

Nina hasira, sitadanganya. Glenda ana miaka mitano, nimeishi naye miwili. Natuma picha yangu, ananijibu kwa kuchora koti. Nilikuwa nikitembea kwenda kazini nahesabu: Juni, Julai, Agosti. Wiki saba. Neno moja.

Halafu wiki iliyopita kiwandani aliletwa mwanamke mpya. Msimamizi akanipa nimfundishe kushona kola. Kila akimaliza anafumua, anashona tena, anafumua. Nikamwambia, mbona iko sawa? Akainamia mashine. Nikasimama pale nikakuona wewe. Miezi sita umekaa mbele yetu unashona gauni ambalo ulijua hutalivaa, na sisi tunaimba, na mimi natania kwamba Rogaciano atashindwa kufungua vifungo. Nilikuwa futi mbili kutoka kwako, Manang, na sikuona kitu.

Ulilia wapi? Nyumba yetu ina vyumba viwili.

Sisemi haidhuru. Imedhuru. Lakini naona tulidhurika wote siku moja, mimi nikachelewa kujua.

Santo

—

Santa Quiteria, 30 Juni 1995

Nonoy Santo,

Nililia kisimani, wakati wa kuchota maji. Kelele ya kapi inasaidia.

Sasa habari njema. Hukumu imetoka. Jaji alikuwa mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alisoma daftari, akanisikiliza mimi nikieleza jukwaa na jozi ishirini na barafu, akauliza, "Na bwana harusi alikuwa anajua anaoa?" Nikamwambia, "Mheshimiwa, alijua anaitwa." Karani alicheka, jaji hakucheka, lakini alivua miwani. Ameandika kwamba ndoa ya Mei 1985 ilikuwa batili tangu mwanzo. Wakili anasema itakuwa imeingia daftarini kabla ya Oktoba. Njoo Desemba uoe. Padri ameshasema atawabariki bila maneno mengi.

Herminia anajifanya hajali, ila ameanza kupaka mafuta ya nazi kwenye nywele. Glenda ameng'oka jino, akalirusha juu ya paa apewe na panya jipya. Kesho yake Abundio aliteremka na jino mkononi akauliza ni la nani. Ikabidi alirudishe, na Glenda akamsimamia mpaka alipoliweka palepale.

Huku hakuna jipya lingine.

Manang Osing

—

Winnipeg, 14 Agosti 1995

Manang yangu,

Nimekata tiketi. Natua Iloilo tarehe 16 Desemba. Nimemnunulia Nanay soksi za sufu, nimwone atazivalia wapi.

Unaandika kwamba huko hakuna jipya lingine. Herminia ameniandikia kwamba lipo. Anasema Abundio alikuja sebuleni Juni akiwa na shati lililopigwa pasi, akaongea na Nanay saa nzima, na kwamba wewe hukumkataa, ulimwambia angoje mwakani. Alipouliza kwa nini, ulisema mwaka huu ni wa Santo.

Hapana, Manang. Nilishasubiri mimi, na umeona kilichotokea. Usinilipe kwa kunifanyia lilelile. Kama bahati yangu inaweza kuliwa na furaha yako, basi na iile, ishibe. Muulize Nanay, mwambie nimesema mimi. Na umweleze ile barua ya Rotterdam. Yeye ndiye aliyetupanga foleni, ana haki ya kujua.

Santo

—

Santa Quiteria, 20 Septemba 1995

Nonoy wangu,

Tu wazima. Mvua haikatiki, Glenda ameota jino, na jogoo wa jirani amekufa. Nanay amehuzunika kwa namna ambayo hatukuitegemea, amekosa wa kugombana naye.

Nilimweleza. Nilimkuta anamenya vitunguu saumu, nikakaa nikamweleza yote, Rotterdam na mistari sita. Hakuinua kichwa. Alimenya kitunguu kizima. Mwisho akasema, "Nililijua gauni. Hakuna anayeshona mkono mmoja mwezi mzima. Nikasema akiwa tayari atasema." Kisha akasema, "Nilimzuia mmoja kwa ajili ya mwingine, mwaka ule nikakosa harusi mbili. Kosa ni langu pia, lete maji."

Nikamuuliza sasa habari ya mwaka huu, wewe Desemba na mimi. Akaniangalia kama nimeuliza jua linatokea wapi.

"Harusi gani ya Santo? Santo alishaoa. Januari themanini na tisa, nguruwe wawili, mmoja mjomba wako alimkata vibaya, mpaka leo nina hasira."

"Lakini Nanay, jaji anasema ile ya Januari haipo."

"Jaji alikuja?"

"Hakuja."

"Sheria iliosha sufuria?"

"Haikuosha."

"Basi haijui. Desemba wanakwenda kutia sahihi. Kutia sahihi si harusi. Mwambie Abundio aje, na avae lile shati."

Kwa hiyo, Noy, wewe una ndoa moja ambayo serikali iliiandika na haikuwepo, na moja iliyokuwepo na serikali haiioni, na itakuja ya tatu ya kuwapatanisha. Mimi nitakuwa na hii moja tu, na leseni yake imebandikwa ukutani siku zote kumi. Kila asubuhi nilipita kuisoma.

Gauni nimelitoa sandukuni. Kiuno kimekataa kabisa, Herminia anafumua mishono ya pembeni alitanue. Chini kwenye pindo, upande wa kushoto, kuna mahali mshono umekwenda upogo urefu wa kiganja. Ni pale ulipoomba nikuachie ujaribu mara moja. Herminia alitaka kuufumua aunyooshe. Nikamwambia auache huo.

Harusi ni tarehe 21 Oktoba, saa nne asubuhi. Hutakuwepo, na nitakutafuta kanisani hata hivyo, najijua. Nilifikiri niisogeze mpaka utue. Nilikaa na kalenda siku mbili.

Sikungoji, Noy. Ukifika utanikuta mke wa mtu.

Dada yako,
Osing